Somo la Lazima ni la Nani?

Manung'uniko haya twayasikia kila mwaka: "Mimi ni mtu wa Kiswahili, hesabu za nini?" Swali hili si geni. Huko Marekani, vyuo vidogo vinavyotoa elimu ya jumla kwa shahada ya kwanza vimelijibu kwa njia zinazopingana. Chuo cha St. John's, mjini Annapolis, tangu mwaka 1937 huwafundisha wanafunzi wote karibu masomo yale yale kwa miaka 4: falsafa, hisabati, sayansi, lugha na muziki. Chuo cha Amherst, katika jimbo la Massachusetts, hulazimisha semina moja tu ya mwaka wa kwanza. Yaliyobaki mwanafunzi huchagua kwa ushauri wa mwalimu wake, mradi atimize masharti ya somo lake kuu.

Sisi twaona kwamba uhuru wa Amherst wamfaa yule ambaye hasara ya uchaguzi wake itamwangukia mwenyewe. Mwalimu wa shule ya msingi hayumo katika kundi hilo. Akizikimbia hesabu leo, watakaolipa ni watoto wa darasa la tatu, watakaorithi hofu yake.

Hata hivyo, lawama si ya wanachuo peke yao. Sharti lisiloelezwa huzaa uvivu na chuki. Yatupasa sisi wakufunzi kueleza, mwanzoni mwa kila muhula, kwa nini somo hili ni la lazima. Tukishindwa kueleza, basi na tuliondoe.