Mlango Kwanza, Spika Baadaye

Gari lililotumika Japani likishushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, redio yake huwa nusu kiziwi. Kule lilikotoka, vituo vya FM vilipangiwa kwa miaka mingi masafa ya megahezi 76 hadi 90. Huku Afrika Mashariki vinaanzia 87.5 na kupanda hadi 108. Mwenye gari akitafuta stesheni anazozipenda hukuta chache tu za chini, nyingine zote hazishikiki. Wapo wanaofunga kile kifaa kidogo cha kuongeza masafa, lakini wengi huamua kung'oa redio nzima na kuweka mpya, siku hizi yenye skrini pana kama kitabu. Redio ikishabadilishwa, zamu ya spika haiko mbali. Zile za zamani karatasi zimekauka, besi ikipigwa zinakoroma. Hapo ndipo fedha nyingi za wenye magari zinapopotea.

Zinapotea kwa sababu mnunuzi husoma boksi.

Kwenye maduka ya vifaa vya magari, Kariakoo na kwingineko, boksi la spika hutangaza namba kubwa mbele: wati 300, wati 600, wakati mwingine 1,000. Namba hiyo ni kilele, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuistahimili kwa kufumba na kufumbua. Namba ya kufanyia kazi ni ile iliyoandikwa kwa herufi ndogo ubavuni au nyuma, yenye herufi RMS. Hiyo ndiyo nguvu ambayo spika inaibeba mfululizo, wimbo mwanzo hadi mwisho. Si ajabu spika ya inchi sita na nusu iliyoandikwa 300 kwa mbele kukutwa na 50 au 60 kwa nyuma. Muuzaji anayemwonyesha mteja upande mmoja tu wa boksi anamkosea, hata kama boksi lenyewe halina uongo.

Redio nayo ina yake. Usoni imechapwa wati 50 mara nne, na mteja anajumlisha 200 kichwani. Lakini umeme wa gari injini ikiwa inaunguruma ni volti 14 na kidogo, na kwa spika ya kawaida ya omu 4, bila amplifaya ya pembeni, hesabu ya umeme haivuki wati 26 hivi kwa kila spika kabla sauti haijaanza kupasuka. Redio nyingi hutoa chini ya hapo. Kwa hiyo aliyenunua spika za wati 600 akazifunga kwenye redio hiyo pekee amekodi lori la tani kumi kubeba gunia moja la mchele. Tena lori hilo mara nyingi ni zito kuliondoa mahali pake: spika nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya amplifaya kubwa hazichangamki zikipewa umeme mdogo.

Kipimo kinachomfaa mnunuzi wa aina hiyo hakizungumzwi sana dukani. Ni wepesi wa spika kugeuza umeme kuwa sauti, unaoandikwa kwa desibeli kwa wati moja, umbali wa mita moja. Spika yenye desibeli 92 ikipewa wati 20 inasikika sawa na yenye desibeli 89 iliyopewa wati 40, kwa sababu kila desibeli tatu ni sawa na kuongeza nguvu maradufu. Mwenye redio ya kawaida atafute namba hiyo iwe juu, 90 na zaidi, halafu aachane na namba kubwa za mbele.

Hayo ni ya dukani. Kazi yenyewe iko mlangoni.

Mlango wa mbele wa gari dogo ukivuliwa kava lake la ndani, skrubu zikishatoka na klipu za plastiki zikaachia moja moja kwa mlio mkali, kinachoonekana ni nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi mfano wa lami. Nyuma ya nailoni kuna bati jembamba lenye matundu makubwa: la mota ya kioo, la kupitishia nyaya, la mkono wa fundi. Chini kabisa kuna spika ya kiwandani, imeshikwa na fremu ya plastiki kwa ribiti tatu au nne. Fundi mwenye haraka huichana nailoni, akang'oa spika ya zamani, akapachika mpya kwa skrubu mbili kwa sababu matundu mengine hayalingani, akarudisha kava na kuomba hela yake. Robo saa imetosha.

Na kwa robo saa hiyo, spika nzuri imegeuzwa kuwa mbovu. Koni ya spika ikisukuma hewa mbele kuelekea kwa abiria, nyuma inaivuta. Ikirudi nyuma, kinyume chake. Mawimbi ya nyuma yakipata mwanya wa kutokea, hukutana na ya mbele yakafutana, na ya kwanza kufutika ni besi. Ndiyo maana spika iliyovuma vizuri dukani, ikiwa imefungwa kwenye kabati la mbao, ikifika mlangoni inasikika kama ya simu. Mwenye gari anarudi kulalamika kuwa ameuziwa feki, na muuzaji anapata nafasi ya kumuuzia sabufa.

Dawa yake ni ya bei nafuu kuliko sabufa. Spika ikalie pete ngumu inayolingana na tundu, ya plastiki au ya mbao iliyopakwa rangi vizuri, maana unyevu wa Pwani huvimbisha mbao isiyokingwa. Ukingoni iwekwe sponji ili hewa isipenye. Matundu makubwa ya bati yazibwe, na bati lenyewe libandikwe vipande vya mpira wa lami vyenye karatasi ya aluminiamu kwa juu, ili liache kutetemeka. Matundu madogo ya chini kabisa yaachwe wazi. Maji ya mvua huteremka ndani ya mlango kupitia pembeni mwa kioo, na pale ndipo yanapotokea. Akiyaziba mtu, mlango unaoza. Kabla ya skrubu ya mwisho, kioo kishushwe hadi chini taratibu, kwa sababu sumaku nene ya spika mpya inaweza kukigonga.

Kwa wakazi wa Tanga, Unguja au Mombasa kuna la ziada: ukingo unaoizunguka koni uwe wa mpira na koni yenyewe iwe ya plastiki. Ukingo wa sponji huoza ukabaki unga, na koni ya karatasi isiyokingwa haipatani na unyevu wa bahari.

Kuna kosa dogo lingine linaloharibu kazi kubwa, la kugeuza waya wa chanya na hasi kwenye spika moja. Redio inapiga, spika zote zinalia, lakini besi imetoweka na mwimbaji hajulikani amesimama wapi, kwa kuwa koni moja inakwenda mbele wakati mwenzake anarudi nyuma. Kulithibitisha hakuhitaji mashine. Betri ya tochi ya volti 1.5 ikigusishwa mara moja kwenye nyaya za spika, chanya kwa chanya, koni inaruka mbele kidogo, kiasi cha kuonekana kwa jicho. Ikirudi nyuma, nyaya zimegeuzwa.

Kwamba gari ni sehemu ya spika si jambo jipya. Mwaka 1983 kampuni ya Bose, iliyoanzishwa na Amar Bose, profesa wa chuo cha MIT, na kampuni ya General Motors ya Marekani zilianza kuuza magari, Cadillac Seville likiwamo, yenye mfumo wa sauti uliobuniwa kwa kufuata umbo la gari husika. Fundi wa mtaani hana maabara yao, ila kanuni ni ileile, na mlango uko mikononi mwake.

Sasa mahali pa kuziweka. Wengi huanza na kibao cha chini ya kioo cha nyuma, ambako spika zile za mviringo mrefu, sita kwa tisa, zinaenea vizuri na kuonekana na kila anayepita. Anayesikiliza ameketi mbele, lakini mwimbaji anamwimbia kisogoni. Fedha ikiwa ya jozi moja tu, jozi hiyo iende milango ya mbele. Twita, zinazotoa sauti nyembamba, zikae juu, pembeni mwa kioo cha kutazamia nyuma au kwenye nguzo ya kioo cha mbele, zikielekezwa masikioni, kwani sauti nyembamba huzuiwa hata na goti. Besi nzito, chini ya hezi 80 hivi, sikio haliwezi kuitambua inatokea wapi. Kwa hiyo sabufa ikiwa kwenye buti haina ubaya, mradi iwe ya mwisho kununuliwa.

Dereva wa huku huketi kulia, karibu zaidi na spika ya kulia. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa kila elfu moja ya sekunde, na tofauti hiyo ndogo ya umbali inatosha kuuvutia wimbo wote upande mmoja. Redio nyingi mpya zina mpangilio wa kuichelewesha spika iliyo karibu. Upo kwenye menyu, tayari umelipiwa, na aghalabu haujaguswa tangu redio ifungwe.

Halafu kuna masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na ikifika 90 isizidi saa nne kwa wiki. Makondakta na madereva wa matatu na daladala zinazotikisa vioo wanazimaliza saa hizo nne kabla siku yao ya kwanza ya kazi haijaisha. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009. Abiria anaweza kushuka kituo kinachofuata. Kondakta anabaki hadi usiku, na uwezo wa kusikia ukishapotea kwa namna hiyo haurudi. Spika iliyofungwa vizuri husikika wazi bila kupandishwa sana, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuifanya kazi kwa uangalifu.

Wauzaji waandike RMS kwenye kibandiko cha bei, hapo hapo mbele. Mafundi nao waitoze kazi ya kuziba mlango kama kazi kamili, kwa bei yake, badala ya kuiruka ili wamalize upesi. Na mwenye gari, kabla hajatoa fedha, aombe milango ya mbele ivuliwe kava huku anatazama, aone tundu, aone kina, akague kioo kinaposhuka. Aende na wimbo anaoujua vizuri. Kama fundi hataki kufungua mlango mbele yake, atafute mwingine.