PS2 za Ipinda zisipigwe bei bado

Kokoa ikianza kuuzwa, Kyela hela inaonekana, na ikionekana tu, mwenye banda la gemu Ipinda anaanza kusumbuliwa na swali moja kutoka kwa wateja wake: PS4 lini? Vijana wameshacheza Mbeya mjini. Wameona jezi inavyopepea na jasho la Haaland linavyong'aa, wakirudi kukaa mbele ya PES ya enzi za Adriano wanajiona kama wamerudishwa darasa la kwanza. Mwenye banda naye anapiga hesabu: auze PS2 zake mbili tatu, ajazie na ya kokoa, apate moja ya kisasa.

Asiuze. Kununua anunue akiweza, lakini za zamani azibakize hapo hapo.

PS2 ilitoka Japan Machi 2000, na Sony wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, zikiwa zimeshauzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Wingi huo ndio unaoibeba mpaka leo. Ikiharibika pedi, pedi ipo. Ikichoka lenzi, gemu linahamishiwa kwenye flashi na watu wanaendelea. Kwenye flashi mtangazaji hukatika maneno kidogo, maana tundu la USB la mashine ile ni la kizamani na linasuasua, lakini nani anaenda banda la gemu kumsikiliza mtangazaji?

Halafu kuna LUKU, ambayo washabiki wa PS4 huwa hawaigusi. PS2 ile nyembamba inakula umeme chini ya wati 50. PS4 za mwanzo zikiwa mchezoni zinavuka wati 100 bila wasiwasi, na hapo TV haijahesabiwa. Umeme ukikatika ghafla, na masika ya Kyela kila mtu anayajua, PS2 ukiiwasha inaanza upya kama hakuna kilichotokea. PS4 inaamka ikijikagua diski, wateja wamekaa kwenye benchi wanatazama mstari unavyojaa taratibu. Muda huo hakuna anayelipa.

Tuseme hayo ni ya mwenye banda. Mpira wenyewe je? Chukua PES 6 ya mwaka 2006. Sura za wachezaji leo zinachekesha, na Chelsea imeandikwa London FC kwa sababu Konami hawakuwa na haki ya jina. Lakini mgeni akishika pedi, mechi ya tatu ameshaelewa: pasi, krosi, shuti, penyeza. Kosa lake moja ni Adriano wa Inter, aliyepewa nguvu ya shuti 99, akigeuka tu kipa ajiandae kuokota mpira wavuni. Dawa yake ni nyepesi na mabanda mengi waliigundua wenyewe: Inter marufuku. Gemu ambalo wachezaji wanaweza kulirekebisha kwa kukubaliana kwa mdomo ni gemu zuri. Wabrazili walienda mbali zaidi, wakaichukua PES ya PS2 wakaipachika timu zao za nyumbani, wakaiita Bomba Patch, na ikawa maarufu nchi nzima.

Kwenye simu ndiko mambo yalikoharibika. eFootball ya Konami ilizinduliwa kwenye konsoli na kompyuta Septemba 30, 2021, ikiwa ya bure, na siku ileile ikawa kichekesho dunia nzima kwa sura za wachezaji zilizopinda. Baadaye ilirekebishwa na leo inachezeka vizuri tu. Tatizo liko kwingine. Bila bando haiendi, na kila mtu anainamia simu yake anacheza na asiyemjua. Vijana wanne wamekaa benchi moja pale Ipinda na hakuna anayemzomea mwenzake! Hiyo si bure, hiyo ni ghali.

PS4 nayo ina mtego wake. Gemu la EA, lile lililoitwa FIFA mpaka toleo la 23 kisha likawa EA Sports FC mwaka 2023, lina sehemu ya Ultimate Team ambako mtu ananunua pakiti bila kujua ndani yumo mchezaji gani. Ubelgiji mwaka 2018 walisema huo ni mchezo wa kubahatisha, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza pointi zake nchini humo. Vijana wa Kyela mikeka inawatosha. Hawahitaji mwingine uliovishwa jezi ya Real Madrid.

Sasa kwa nini mwenye banda anunue PS4 kabisa? Sababu ipo, na picha nzuri haihusiki. FIFA na PES za mwisho kutoka kwenye PS2 zilikuwa za 2014, wakati Samatta bado yuko TP Mazembe. Mtoto anayemtafuta humo hamwoni. Kwenye PS4 yumo, akiwa na Genk, kisha na Aston Villa aliyoingia Januari 2020. La pili ni zito zaidi. Timu za wanawake ziliingia kuanzia FIFA 16, na sasa ligi kuu ya wanawake ya Marekani imo, pamoja na Kansas City Current ya Temwa Chawinga. Huyu ni binti wa Rumphi, kaskazini mwa Malawi. Ukivuka Kasumulu ukapita Karonga, kwao si mbali. Mwaka 2024 alifunga mabao 20 kwenye msimu wa ligi ile, ambayo ilikuwa rekodi, akatwaa tuzo ya mchezaji bora.

Na angalia benchi la banda lolote: wavulana watupu. Msichana akichungulia anaambiwa gemu la mpira si lake. Akikuta Chawinga anawakimbiza mabeki wa Marekani, kumfukuza kunakuwa kugumu.

Kwa hiyo moja mpya inatosha, ya mkononi isiyo na mikwaruzo mingi, iwekwe pembeni bila intaneti ili pakiti zisifunguke. Mechi ya kirafiki ya watu wawili haihitaji bando, CD ikishaingizwa inacheza. Bei yake iwe juu kidogo kufidia LUKU. PS2 zibaki katikati ya banda kwa bei ileile, na Inter ibaki marufuku.