Acheni Kuuliza Picha Ina Ujumbe Gani

Kuna swali linalochukuliwa kuwa dalili ya usomi kila yanapofunguliwa maonyesho ya sanaa mtaani: "Ujumbe wake ni nini?" Mgeni rasmi analiuliza, mwandishi wa habari analiuliza, mwalimu aliyekuja na wanafunzi wake analiuliza, na ofisa wa mradi ameshaliweka kwenye fomu. Nyuma yake kuna imani ambayo ni nadra kusikia ikipingwa hadharani, kwamba sanaa ya jamii ina thamani kwa kadiri inavyofundisha, na picha isiyo na funzo ni pambo tu. Imani hiyo inayaua maonyesho yetu, tena inayaua kwa adabu, watu wakipiga makofi.

Tazama inavyokuwa. Kikundi cha wachoraji wa mtaa kinapata fedha kidogo za mradi. Mada imekuja pamoja na fedha: mimba za utotoni, amani wakati wa uchaguzi, utunzaji wa mazingira. Inafanyika warsha, na chai yake. Siku ya ufunguzi risala inasomwa, utepe unakatwa, na mgeni rasmi, ambaye amechelewa, anapitishwa haraka mbele ya kazi hadi anasimama kwenye ile iliyo karibu na kamera. Ni mikono ya mwanamke anayepepeta mchele. Mchoraji amehangaika na mikono ile: mshipa unaovimba juu ya kifundo, ngozi pale inapopigwa na jua na pale inapoingia kwenye kivuli cha ungo. Anaulizwa ujumbe. Kijana si mjinga, anajua kilichonunua rangi. "Mheshimiwa, hii inahusu ukatili wa kijinsia." Makofi. Msafara unasonga, na hakuna hata mmoja aliyeitazama mikono.

Ugonjwa huu tumeupata shuleni. Mtu aliyesoma fasihi sekondari unaweza kumwamsha usiku wa manane akakutajia dhima zake bila kufungua macho: kuelimisha, kuonya, kukosoa, kuhifadhi utamaduni, na kuburudisha, ambako hutajwa harakaharaka kama jambo la aibu kidogo. Orodha hiyo tukaitoa kwenye riwaya na ngonjera tukaitwisha picha na vinyago. Wafadhili walipokuja na walengwa wao na viashiria vyao, hawakuwa na haja ya kutushawishi.

Vinyago vya Wamakonde vimepitia mkasa huohuo. Roberto Yakobo Sangwani, mchongaji aliyetoka Msumbiji na kuingia Tanganyika miaka ya 1950, ndiye anayetajwa kuja na mtindo ulioitwa dimoongo, yaani nguvu. Inasimuliwa kwamba chanzo chake ni mieleka: bingwa ameinuliwa juu, wenzake wamembeba. Miili, uzito wa mtu juu ya mabega ya mtu, mpingo uliotobolewa mpaka mwanga ukapita kati ya mbavu. Siasa ya ujamaa iliposhika kasi mtindo ukapewa jina la ujamaa, na tangu hapo ni vigumu kukiona kinyago hicho bila kuhubiriwa mshikamano. Nenda Mwenge, Dar es Salaam. Utasimuliwa mshikamano kabla hujakishika mkononi. Jina lenyewe halikuwa la uongo, ila limekifunika kinyago. Bahati nzuri vinyago vya mashetani vilivyoanzishwa na Samaki Likankoa, vyenye jicho moja na viungo vilivyopindapinda, havikupatiwa kaulimbiu, na mpaka leo mtoto akiviona anasimama.

Najua jibu nitakalopewa: sisi Waswahili tumeandika ujumbe hata kwenye nguo. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na mara nyingi jina ndilo linaloiuza. Kweli kabisa. Lakini mtazame mwenye kanga anavyolitumia hilo jina. Anajifunga yenye maneno makali na kupita polepole mbele ya mlango wa jirani aliyemsengenya; anaanika nyingine kwenye kamba inayotazamana na dirisha la mke mwenza. Akiulizwa, anasema ameipendea rangi. Nani atamshtaki? Maneno yamechapwa waziwazi na bado maana haishikiki, kwa sababu inategemea nani amevaa, siku gani, baada ya ugomvi upi. Ofisa wa mradi hawezi kuijazia fomu. Huo ndio urithi wetu wa ujumbe, wa mafumbo na vijembe, ambamo msemaji anamwachia mwenzake kazi ya kuelewa. Bango la "Tukatae Ukatili" lenye nembo tano chini yake limetoka kwingine.

Maonyesho ya utamaduni na utambulisho ndiyo yanayoumia zaidi. Ukishaambiwa mada ni utamaduni wetu, unaweza kubaki nyumbani na kuyaona: kibuyu, ngoma, shuka jekundu la Kimasai, mlima wenye theluji kwa nyuma. Ni orodha ya vitu, kana kwamba mtu hujulikana kwa vyombo alivyonavyo. Linganisha na alichofanya Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza. Mwaka 2004 alionyesha watu 100 waliokatwa kwa mbao na kupakwa rangi, wenye kimo cha binadamu, Waafrika waliotumikishwa kwenye majumba ya wakubwa wa Ulaya: wapiga ngoma, wafunza mbwa, washona viatu. Kazi hiyo inaitwa Naming the Money. Kila mmoja ana maelezo yake mafupi: jina lake, jina alilobandikwa na mabwana, kazi aliyokuwa akifanya, kazi anayofanya sasa. Mtazamaji anatembea katikati yao kama anayepita kwenye umati. Hakuna anayemwambia kwamba utumwa ni mbaya.

Na huko huko Zanzibar, Mkunazini, kwenye uwanja wa kanisa la Anglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, zipo sanamu za Clara Sörnäs, msanii kutoka Sweden, alizozitengeneza mwaka 1998. Watu watano wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni, na minyororo hiyo ni ya enzi hizo hasa. Ukisogea ukingoni unajikuta unawatazama kutoka juu, yaani umesimama pale alipokuwa akisimama mnunuzi. Hilo hakuna kibao kingeweza kulisema. Na ndilo linalozikwa kwa maneno na watembeza wageni wanaohutubia palepale ukingoni mpaka mtu anasahau kutazama chini.

Mtaniambia hizo ni kazi za watu wenye majina, na kwamba mwananchi wa kawaida anahitaji kurahisishiwa. Hapo ndipo imani hii inapogeuka kuwa dharau. Mwaka 2009 mpiga picha Boniface Mwangi na wenzake waliyatoa barabarani maonyesho ya Picha Mtaani, picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ghasia ambazo kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza ziliua watu 1,133. Picha zilipelekwa mji hadi mji: maiti, nyumba zinazowaka, vijana wenye mapanga. Waliosimama mbele yake walikuwa wauza mitumba, wanafunzi, watu wa bodaboda, akina mama waliotoka sokoni, na wengine walilia palepale. Mradi ulikuwa na nia ya amani na haukuificha. Lakini nia haikuwa ndani ya picha. Ndani ya picha kulikuwa na uso wa mtu, na mtazamaji aliujua mtaa ule, pengine aliujua na uso. Hakuna aliyehitaji kurahisishiwa.

Kwani mnadhani mama anayeishi kando ya mtaro hajui kwamba maji machafu yanaua? Anajua kuliko mchoraji, kuliko mfadhili, kuliko mimi. Asichokuwa nacho ni bomba. Ukutani mwake tunachora "Tunza Mazingira Yakutunze", katika mtaa ambao gari la taka halifiki, halafu tunapiga picha ya ukuta na kuituma kwenye ripoti. Sanaa ya ujumbe ina tabia hiyo, huzungumza kuelekea chini. Humwonya mkazi, huwakanya vijana, humfunza mama. Sikumbuki lini niliona ukuta uliolipiwa na mradi ukimwuliza mkurugenzi wa halmashauri fedha za mtaro zilikwenda wapi. Huyohuyo Mwangi na wenzake walipowachora wanasiasa kama tumbusi kwenye ukuta katikati ya Nairobi mwaka 2012, ilibidi wachore usiku. Hapakuwa na risala, na sidhani kama kuna mpita njia aliyeuliza ujumbe wake ni nini.

Nisieleweke vibaya kuhusu mabango. Kipindupindu kikiingia, andika NAWA MIKONO kwa herufi za mita moja, na wachora mabango walipwe vizuri kwa sababu ni ufundi wa kuheshimika. Kuna hata nyakati bango linavuka mpaka. Mapema mwaka 2008, moshi wa ghasia zile ukiwa bado haujatoweka, msanii wa Kibera anayejulikana kwa jina la Solo7 alizunguka na brashi akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta, mabati na vibanda. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi, wala si ushairi. Yalipata uzito kwa sababu mkazi wa palepale aliyaandika kwa mkono wake, kwenye kuta ambazo zingeweza kuchomwa kesho yake, wala hakusubiri mada ije na bahasha. Chukua maneno yaleyale, yachape kwenye fulana 300 za ufunguzi, uone yanabaki na nini.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wachoraji wenyewe wamejifunza kujibu. Ukiwa nao peke yao, chai mkononi, watakueleza jinsi rangi ya mafuta inavyochelewa kukauka wakati wa masika, au kwa nini nyeusi ya dukani ni nyeusi mno kwa ngozi ya mtu. Ingia na daftari, wanaanza: "Kupitia kazi hii nataka kuihamasisha jamii..." Kijana wa miaka 20 anazungumza kama taarifa kwa vyombo vya habari. Baada ya miaka michache anachora hivyo pia. Picha inakuja ikiwa imeshaelezwa, mtoto analia kona ya kushoto na jua linachomoza kona ya kulia.

Waliokataa kufuata njia hiyo tunawajua. Kikundi cha Wajukuu kimekuwa Mukuru, mitaa ya mabanda ya eneo la viwanda la Nairobi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikifundisha watoto kuchora na kufanya kazi na vitu vilivyopo. Walipoalikwa kwenye maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, waliufunika mlango wa jumba zima kwa mabati yenye kutu, mgeni akaingia kupitia njia yenye giza kama anayeingia kwenye nyumba za kwao. Ndani kulikuwa na kazi iliyotengenezwa kwa visu vilivyolika kwa kunolewa. Walitunukiwa tuzo ya Arnold Bode mwaka huohuo. Mtu aliyepita kwenye giza la mabati yale alijua jambo kuhusu Mukuru ambalo hakuna kipeperushi kingempa, na akiombwa alitaje kwa sentensi moja asingeweza.

Kwa hiyo ninachowaomba waandaaji ni vitu vya kawaida tu. Mada isitangulie kazi: wapeni wachoraji muda na vifaa, kisha yapangeni maonyesho kwa kilicholetwa. Karatasi ya maelezo iandikwe jina, mwaka na vifaa, basi, tena kwa Kiswahili. Wekeni benchi, kwa sababu mtu aliyechoka na kazi hawezi kutazama picha dakika kumi akiwa amesimama. Maonyesho yafunguliwe mpaka saa mbili usiku, wakati watu wa mtaa wamerudi nyumbani, badala ya saa nne asubuhi wakati aliyepo ni mgeni rasmi na walinzi wake. Na fedha ya fulana ikanunue rangi.