Mazungumzo ya Nyumbani: Moshi Una Gharama Yake

Leo tuketi jikoni kidogo, hasa sisi akina baba ambao huko huingia mara chache.

Watu wengi husema, "Gesi ni ya matajiri." Hata mimi, karani wa parokia, mtu wa hesabu, nilisema hivyo miaka mingi. Mke wangu alikohoa, nami nikamnunulia dawa ya kikohozi. Kisha mtoto wetu wa mwisho, ambaye mama yake humbeba mgongoni akipika, akashikwa na nimonia. Akalazwa siku tano. Daktari akaniuliza, "Nyumbani mnapikia nini?" Nikaona haya, kwa kuwa mwezi ule ule nilikuwa nimenunua televisheni.

Siwezi kuapa kwamba moshi peke yake ndio uliomwuguza. Lakini yafaa tujue kazi yake. Ndani ya moshi mna vumbi jembamba mno, lisiloonekana kwa macho, nalo hupenya hata ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mkaa nao usitudanganye kwa moshi wake mdogo. Hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imeua watu waliolala chumba kimoja na jiko.

Sasa tufanye hesabu. Sisi tulinunua mkaa wa shilingi 1,500 kila siku. Kwa siku 30 ni shilingi 45,000. Kujaza mtungi wa gesi wa kilo 6 tulilipa shilingi 24,000, nao hutufikisha siku 24 hivi, maana maharage tunayaloweka tangu usiku. Basi, kwa nini tuliiona gesi kuwa ghali? Kwa sababu mkaa huomba kidogo kidogo, na gesi huomba kwa mara moja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba tulichokijaza sisi kilikuwa cha mwuza mkaa!

Mtungi wa kwanza na jiko lake ndio mzigo. Mimi niliiuza ile televisheni, wala sijuti. Siku hizi twaweka shilingi 1,000 kila siku katika kopo, na mtungi ukiisha, fedha ipo.

Ila gesi nayo yataka adabu. Mtungi usimame wima, na dirisha liwe wazi. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango, watu watoke nje.

Mwezi Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wa kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapikie nishati safi. Ni jambo jema, lakini mpango huo hautaingia jikoni mwako usipoufungulia mlango.

Nyumbani kwetu kikohozi cha usiku kimepungua, na watoto husoma jikoni karibu na mama yao. Nami chai ya alfajiri naichemsha mwenyewe, maana kisingizio cha kuwasha mkaa sina tena.

Baba msomaji, leo jioni ingia jikoni, ukae humo mpaka ugali uive. Kisha ufanye hesabu yako.