Bundi Hana Kosa

Ni jambo la kawaida katika vijiji na mitaa yetu kwamba bundi akilia juu ya paa, watu hutoka na mawe na manati ili wamfukuze au wamwue. Husema ni ndege wa uchuro, ameleta habari ya msiba. Jambo la kusikitisha ni kwamba miongoni mwao wamo wanaosimamisha Sala tano.

Wakati huohuo, katika msitu wa Arabuko-Sokoke ulioko pwani ya Kenya, wageni husafiri kutoka nchi za mbali ili wamwone bundi huyohuyo tunayempopoa. Wanayemtafuta hasa ni bundi mdogo wa Sokoke, ambaye urefu wake haufiki hata sentimeta 20. Wataalamu walimtambua mwaka 1965, na nje ya msitu huo anajulikana kuishi pia Usambara Mashariki, Tanzania. Amehesabiwa katika ndege walio hatarini kutoweka. Waongozaji wenyeji wanaijua miti anamopumzika mchana, dume na jike wakiwa bega kwa bega. Mgeni husimama kando, humtazama kwa darubini, kisha huenda zake. Ndege hakupoteza hata unyoya mmoja, na mwongozaji amepata riziki ya halali.

Je, ni nani kati ya hao wawili, mwenye jiwe na mwenye darubini, aliye karibu zaidi na mafundisho ya dini yetu? Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliwakuta Waarabu wakitafuta fali kwa ndege: akiruka kulia walisafiri, akiruka kushoto walirudi nyumbani. Itikadi hiyo iliitwa tiyara, neno lenye asili moja na jina la ndege. Tena walidai kwamba roho ya aliyeuawa hugeuka ndege wa usiku, wakamwita hama. Yote mawili Mtume (s.a.w.) aliyakanusha, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim.

Huenda mtu akasema: “Mbona bundi alilia, na kesho yake mgonjwa wetu akafariki?” Basi na afikiri. Nyumba yenye mgonjwa hukesha. Taa huwaka, wadudu huifuata taa, na bundi huwafuata wadudu. Waliomo wako macho, kwa hiyo humsikia. Ni usiku mwingi kiasi gani bundi huyo alilia juu ya watu waliolala, wakaamka wazima na wasijue lolote?

Isitoshe, bundi mwenye uso mweupe, akaaye katika maghala na magofu, chakula chake kikubwa ni panya. Hummeza mzima, kisha hutema donge la manyoya na mifupa. Atakaye ushahidi na alipasue donge hilo, atayaona mafuvu ya waliokuwa wakila mahindi yake. Anayemwua bundi huyo amewafuga panya. Hata hivyo, haki ya kiumbe haitegemei faida yake kwetu: Kurani Tukufu, katika Sura Al-An‘am, imewataja ndege kuwa ni umma kama sisi.

Kutazama nako kuna adabu zake. Wapo watazamaji wanaopiga sauti ya ndege iliyorekodiwa ili ajitokeze. Maskini akadhani ameingiliwa na mshindani, akaacha kuwinda. Wengine humulika kiota kwa taa kali wapate picha. Tukumbuke kisa alichokipokea Abu Daud: Masahaba walipochukua makinda mawili safarini, mama yao akaja akipigapiga mabawa kwa uchungu, Mtume (s.a.w.) aliamuru yarudishwe. Basi tusimsumbue ndege hata kwa jina la mapenzi.

Enyi wazazi, bundi atakapolia usiku huu, msiwafundishe watoto kuokota mawe. Watoeni nje wamsikilize, na muwaambie kwamba uhai na mauti vimo mikononi mwa Mwenyezi Mungu peke Yake. Mwenyezi Mungu atujalie kuwahurumia viumbe Wake. Amin.