Bolti hazikazwi kwa misuli

Gari lililotumika Japani hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha huendeshwa hadi Kampala au Bujumbura. Kokote liendako, gasketi ya tapeti kava ikianza kuvuja, dawa ya mafundi wengi ni moja: kukaza zaidi.

Hilo ni kosa. Kazi ya kava hiyo ni kuzuia oili isitoke, si kubeba mzigo. Katika magari mengi madogo bolti zake huhitaji takriban Nm 10 tu. Fundi akizidisha, gasketi hupondeka, kava hupinda, au meno ya tundu la bolti huisha. Oili ikidondokea ekzosi yenye moto, gari linaweza kuwaka.

Njia sahihi haina siri. Injini ipoe, nyuso zisafishwe, bolti zianzwe kwa mkono, kisha zikazwe kwa awamu na kwa kupishana, kutoka katikati kwenda pembeni.

Kila gereji iwe na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na vyuo vya ufundi vya Afrika Mashariki vifundishe matumizi yake. Injini haibadiliki inapovuka mpaka. Ufundi nao usibadilike. Mteja asilipishwe mara mbili kwa kosa la misuli.