Jedwali la Mirathi Kwenye Kioo cha Simu



Vitabu vilivyokuwa vikisomwa kwenye karatasi sasa hutumwa kwa simu, na kilichoandaliwa Mombasa hufika Migwani, kwenye njia ya Kitui na Mwingi, kwa muda wa kufumba na kufumbua. Hiyo ni neema. Hata hivyo, vitu viwili huharibika upesi katika safari hiyo: majedwali na hesabu za sehemu. Madhara yake huwa makubwa zaidi katika mlango wa mirathi.

Tuchukue mfano. Mume amefariki, ameacha mke, mama, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja, bila warithi wengine. Baada ya gharama za maziko, deni na wasia, zimebaki shilingi 720,000. Mke hupata 1/8, yaani 90,000; mama hupata 1/6, yaani 120,000; watoto hugawana baki, mwana 340,000 na binti 170,000. Kwenye karatasi, kila fungu limekaa mbele ya mwenyewe. Kwenye simu ndogo, kistari kikipotea, 1/8 husomeka 18. Na tarakimu zikihama mstari mmoja, fungu la mama huonekana kuwa la mke. Mjane asiye na wa kumuuliza ataamini alichokiona, na ugomvi wa jamaa waweza kuanzia hapo.

Sababu ni kuwa ukurasa wa karatasi una upana mmoja, ilhali katika kitabu cha aina ya EPUB maneno hujipanga upya kwa kadiri ya kioo na ukubwa wa herufi. Jedwali la safu sita hukosa pa kukaa. Baadhi ya waandalizi huligeuza kuwa picha, lakini picha haikui pamoja na herufi, na programu inayomsomea asiyeona huipita kimya. PDF huhifadhi sura ya ukurasa, ila herufi huwa ndogo mno. Kwa ajili ya hesabu iliundwa MathML, iliyoidhinishwa mwaka 1998 na kuingizwa katika EPUB 3 mwaka 2011. Hiyo hueleza namba ipi iko juu na ipi iko chini, hata sauti ya simu iweze kuisoma. Lakini si kila kifaa kinachoielewa.

Kwa hivyo, walimu wa madrasa na vijana mnaotuandalia vitabu, tunawaomba haya. Jedwali lisizidi safu tatu. Lililo pana ligawanywe, kila mrithi apewe maelezo yake. Kila sehemu iandikwe pia kwa maneno, kwani Kiswahili chetu kimekwisha kutuwekea: nusu, thuluthi, robo, sudusi, thumni. Maneno haya hayavunjiki kwenye kioo chochote. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, alikitengea mirathi sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra, na hesabu zake aliziandika kwa maneno matupu. Kisha kitabu kifunguliwe kwenye simu ndogo kuliko zote nyumbani, herufi zikiwa kubwa, kabla ya kutumwa.

Nanyi wasomaji, jumlisheni shilingi za warithi wote. Zisipotimia mali yote, msigawe. Hata zikitimia, linganisheni kila fungu na mrithi wake, kwa kuwa mafungu yaliyobadilishana mahali hutimia vilevile. Penye shaka, pelekeni suala kwa Kadhi, ambaye mahakama yake imetambuliwa na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170. Haki ya yatima na mjane isipotee kwa sababu ya kistari kilichokosa nafasi kwenye kioo.